Mwizi Aliyeiba Sukuma Yangu Kisha Akanipalilia

Wezi nimewaona wengi. Lakini mwizi anayeingia uani kwako, anachuma majani sita ya sukuma wiki, kisha anapiga magoti na kukupalilia shamba lote kabla ya kwenda zake, huyo nilikutana naye hapa Birmingham.

Na si kupalilia tu. Alikuwa ananiwekea jivu.

Shika chai yako vizuri nikusimulie. Na kama una mdomo mrefu kama wangu, hii isome mara mbili.

Naitwa Jelagat, Mnandi wa Kapsabet. Nimeolewa na Shem, Mgusii, na tuna binti mmoja, Kemunto, wa miaka minane. Mimi na Shem hatuelewani kwa lugha za mama zetu, kwa hiyo nyumbani kwetu ni Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Kemunto anakisikia chote na kunijibu kwa Kiingereza, kana kwamba ndiye anayelipa kodi ya nyumba.

Kazi yangu ni kutunza wazee kule Edgbaston. Huko watu wana bustani kubwa na hawapandi kitu hata kimoja cha kuliwa. Mimi naishi Sparkbrook, kwenye nyumba zilizoshikana mabega, na nyuma nina kiuwanja ambacho ukilala chali miguu inagonga ua wa jirani.

Hicho kiuwanja ndicho nilichokuwa nakiita shamba. Usicheke.

Sasa kuna watu wawili lazima uwajue.

Wa kwanza ni Rosalie, Mkongo wa Bukavu, mama yake Lionel. Tulikutana kanisani, tukawa kama ndugu. Lionel na Kemunto wanasoma darasa moja. Mimi nikiwa kazini, Rosalie ndiye aliyekuwa anawachukua watoto wote wawili shuleni, anafungua nyumba yangu kwa ufunguo niliompa, anawapikia na kukaa nao mpaka nirudi. Miaka mitatu. Hakuwahi kuniambia amechoka.

Wa pili ni jirani yangu upande wa kushoto, bibi Kalasinga anayeitwa Narinder. Mjane, umri wake unagonga themanini, shali begani hata jua likiwaka. Tulikuwa tunasalimiana kwa Kiingereza, yeye upande wake wa ua, mimi wangu. Salamu ikiisha, kila mtu anashika lake.

Langu mimi lilikuwa simu.

Nina rafiki yangu Leicester, Angeline. Kila nikianika nguo nilikuwa nampigia, naweka sauti juu, namsimulia mtaa mzima. Na mtaa mzima ulianza na huyo bibi. Nilisema masala yake yameingia mpaka kwenye shuka zangu. Nilisema anatembea kama anayetafuta sindano chini. Nilisema mengine ambayo nitakuja kuyasema huko mbele, kwa sababu sasa hivi bado naona aibu.

Niliyasema kwa Kiswahili, kwa raha zangu, bibi mwenyewe akiwa hatua tatu kutoka kwangu anapukuta mazulia.

Basi mwezi wa tatu nikaamua mwaka huu nalima. Nilikuwa nimechoka kula spinachi ya mfuko. Mbegu za sukuma nilipata kwa Mkenya mmoja wa Coventry. Mbegu za lengalenga, ule mchicha wetu, nilipewa na Rosalie, amezifunga kwenye karatasi na kuzibusu kabla ya kunipa. Jumamosi nzima tulichimba pamoja, yeye na jembe, mimi na maelekezo.

Nikasia kwenye mikebe ya siagi, nikaipanga dirishani. Shem akawa hawezi kufungua dirisha. Aliniuliza kama anahitaji kibali cha waziri wa kilimo ili apate hewa. Nikamwambia akae hivyo hivyo, siku ya kula atanishukuru.

Pasaka ikafika, mvua ikanyesha siku nne mfululizo.

Sasa mimi nimezaliwa Nandi. Kwetu mvua ya Aprili ikinyesha, unapanda. Hakuna mkutano. Nikatoa miche yote nje, nikaipandikiza kwenye mstari ulionyooka kuliko barabara za kaunti. Haikunijia akilini kwamba Birmingham mvua hunyesha hata Krismasi, na kwamba kwa hesabu yangu ningekuwa napanda mwaka mzima.

Narinder akasimama kwenye ua. Kwa Kiingereza chake cha polepole akaniambia ni mapema mno, kuna baridi ya jalidi bado inakuja, hiyo ya umande kuganda. Lengalenga haitaistahimili, ningoje Mei iishe.

Nilimpa tabasamu la kazini, lile tunalowatolea jamaa wa wagonjwa. Kisha nikageukia simu.

"Angeline, unasikia vituko? Kanyanya haka kananifundisha kulima. Mimi, mtoto wa Nandi. Na uwanja wake wote ni simiti."

Kweli ulikuwa simiti. Mwisho hadi mwisho, hata nyasi hakuna. Sikujiuliza kwa nini.

Wiki ya mwisho ya Aprili jalidi ikaja. Asubuhi niliona mapaa meupe, magari meupe, nyasi za mtaa mzima zimekakamaa kama wembe. Kanisani kila aliyepanda alikuwa analia. Ndugu mmoja alipoteza ndoo kumi na mbili za miche ya mahindi.

Miche yangu ilikuwa imesimama, kijani, haina hata jani lililonyauka.

Unadhani nilinyamaza? Jumapili nilishika kipaza sauti nikatoa ushuhuda. Niliwaambia Bwana alishuka akalifunika shamba langu kwa mkono wake. Niligusia pia kwamba wengine wetu tunaomba kwa imani na wengine wanaomba tu. Kanisa likapiga makofi.

Kufunikwa, lilikuwa limefunikwa kweli. Ila nilikosea anwani ya shukrani.

Wiki hiyo hiyo Kemunto, akitafuna mkate, aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba aunty wa jirani anasema shamba linahitaji jivu kwa ajili ya konokono. Maneno shamba na jivu aliyasema kwa Kiswahili. Nikajua ameyaokota kwangu. Nikamwambia aache kusumbua wazee wa watu, amalize mkate.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na bado sikutazama.

Mei ikaingia, sukuma ikanawiri. Nilikuwa naipiga picha kuliko nilivyowahi kumpiga mtoto. Halafu siku moja narudi kutoka kazini, naona mashina sita yamepungua jani moja moja.

Kesho kutwa yake, sita tena. Wiki iliyofuata, sita, na sita.

Nikachutama kama askari wa upelelezi. Konokono hula jani likabaki na matundu. Njiwa hurarua. Mzungu, kwa ninavyomjua, angeng'oa mche mzima na mizizi yake au angeleta mkasi. Lakini huyu alikuwa ameshika jani la chini kabisa, akalivunja kwa kulishusha, likaachia shina safi, na moyo wa mche hakuugusa.

Hivyo ndivyo sukuma inavyochumwa kwetu. Hilo hufundishwi na video, unafundishwa na mama yako ukiwa umebeba sinia.

Kwa hiyo mwizi ni mtu wa kwetu.

Na mwizi mwenyewe alikuwa anapalilia. Magugu yote yamekusanywa pembeni, na kila shina limezungushiwa jivu. Mtu mwenye akili angesema huyu si mwizi wa kawaida, tutafakari. Mimi nikasema: huyu anatunza ili aibe kwa muda mrefu.

Nani wa kwetu anayeweza kuingia kwangu nisipokuwepo? Nani ana ufunguo?

Nilijibu haraka mno. Sikumuuliza Shem. Sikumuuliza Kemunto. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo niliona ni kupoteza wakati.

Jumapili ya tatu ya Mei tulikuwa na chakula cha pamoja kanisani. Rosalie alileta sufuria ya mboga. Nikaonja kijiko kimoja, nikajua. Usiniulize nilijuaje, eti ladha ya udongo wangu. Udongo wenyewe tulinunua kwenye mifuko.

Nikauliza, mbele ya kina mama wote jikoni, mboga hii imetoka wapi. Akasema ameinunua Ladypool Road. Nikacheka kile kicheko cha puani. Nikasema mboga ya Ladypool Road siku hizi inafanana sana na ya uani kwangu, na watu waliopewa funguo za kuwafungulia watoto sasa wanajifungulia na mashamba.

Mtu akafunga bomba la maji.

Rosalie hakupandisha sauti. Aliniangalia kama anayetaka kusema kitu halafu akakirudisha.

"Umemaliza, Mama Kemunto?"



Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wangu, akauweka kando ya sufuria. "Voilà. Kesho utaenda kuchukua mutoto ku masomo weye mwenyewe."

Akabeba mkoba, akamshika Lionel mkono, akaenda. Sufuria aliiacha. Mboga ililiwa yote, kwa taarifa yako, na mimi nilirudia.

Jumatatu ndipo nilipojua Rosalie alikuwa nani kwangu. Shem alibadilisha shifti, mimi nikaomba ruhusa kazini mpaka wakachoka na jina langu. Kemunto akawa anakaa kwenye ngazi za shule akingoja, Lionel akipita na mama yake upande wa pili wa barabara. Mtoto aliacha kula. Aliniuliza mara moja tu kwa nini Mama Lionel ametukasirikia. Nikamwambia ni mambo ya wakubwa.

Nilikuwa nimeumia, lakini nilikuwa na haki. Mwizi nilikuwa nimemtoa.

Jumanne, majani sita yakaondoka.

Sasa mtu mwingine hapo angejuta. Mimi nikawaza: kumbe alichonga ufunguo wa pili.

Alhamisi nikachukua siku ya mapumziko. Nilificha viatu vyangu vya kazini mbali na mlango ionekane nimetoka, nikavuta kiti nyuma ya pazia la jikoni, na simu mkononi tayari kurekodi. Nilishapanga na kichwa cha habari nitakachoweka kwenye kundi la kina mama.

Saa nne na nusu asubuhi ubao mmoja wa ua ukasogea.

Kwanza ukaingia mto mdogo wa kupigia magoti. Kisha kopo la jivu. Kisha ukaingia mguu wenye soksi ya sufu, na nyuma yake Narinder mzima, ameshika kiuno.

Akaweka mto chini, akapiga magoti. Alipalilia robo saa bila kuinua kichwa. Alikuwa anaongea na miche kwa sauti ya chini, na mahali fulani akaicheka. Akanyunyiza jivu. Mwisho akachuma majani sita, ya chini kabisa, kwa kushusha, akayafunga ndani ya shali.

Nikatoka. Nilikuwa nimeandaa Kiingereza kizito cha kumshtaki.

Yeye akainua kichwa, akanitazama bila kushtuka.

"Jambo, Mama Kemunto," akasema. "Leo hapana kwenda kazi?"

Ndugu yangu, simu ilinidondoka kwenye lengalenga.

Hiyo haikuwa salamu ya kukariri hotelini. Kilikuwa Kiswahili cha Wahindi wa kwetu, kile cha madukani, kimekaa miaka kabatini na bado kinawaka.

Nikauliza amekijulia wapi.

"Mimi nazaliwa Kisumu," akasema. "Baba yangu fundi ya reli. Sisi nakaa landhies, nyumba ya reli. Mama yangu nalima sukuma nyuma ya nyumba. Yeye nafundisha mimi, chukua ya chini, wacha roho." Akanionyesha moyo wa mche kwa kidole. "Halafu mwaka sitini na nane, sisi nakuja hapa."

Nilihesabu kichwani tangu tuhamie hapa. Miaka mitatu. Kila nguo niliyoanika. Kila simu.

"Kwa hiyo unasikia Kiswahili," nikasema. Swali la kijinga, lakini ndilo lililokuwa limebaki.

"Yote."

Akajiinua polepole, akishika ua. Akaniambia mwezi ule tulipohamia alinitayarishia sahani ya chapati. Alikuja nayo mpaka kwenye ua, anataka kunishtukiza na salamu ya “jambo”. Akanikuta kwenye simu.

"Wewe nasema, hii mzee, watoto yake nakuja kupima nyumba na macho. Wewe nasema, wao nangoja yeye kufa, nauza."

Niliyasema. Hayo ndiyo yale niliyokuficha kule juu.

"Hiyo ni kweli," akasema Narinder. "Mimi najua watoto yangu. Lakini wewe nacheka."

Nilikosa pa kuuweka uso. Nikaanza kulia, na si kwa madaha. Yeye akaningoja nimalize, kama unavyongoja mvua ipungue.

Kisha akanisimulia mengine, kwa kifupi. Uwanja wake uliwahi kuwa na mboga. Wanawe wakaupiga simiti, wakasema mama amezeeka, asiiname. Tangu hapo hakuwa na udongo. Alipoona miche yangu imetolewa nje Aprili, alijua itakufa. Jioni za jalidi alikuwa anaifunika kwa mapazia yake ya zamani, na asubuhi anayaondoa kabla sijaamka kutoa utukufu. Kuhusu majani, aliomba ruhusa kwa Kemunto, na Kemunto akasema sita ni sawa.

"Mimi nafanya kazi, nachukua sita," akasema. "Hii si wizi."

Nikamuuliza kitu kimoja. Kwa nini, baada ya yote aliyoyasikia, bado alinisaidia?

Akaitazama ile mistari yangu iliyonyooka.

"Sukuma hapana tukana mimi."

Jioni Kemunto alithibitisha yote, huku akinitazama kwa huruma. Alisema alishaniambia. Aunty humsalimu “jambo” kila siku, na Mama Lionel na aunty walikuwa wanaongea kwenye ua kila jioni, wanacheka.

Hapo nikamkumbuka Rosalie kule jikoni, na lile neno alilolirudisha.

Nilichuma mboga nzuri kuliko zote, nikajaza mfuko, nikaenda kwa Rosalie, dakika kumi kwa miguu. Alifungua mlango akabaki amesimama mlangoni. Nilimwomba msamaha pale pale barazani, watu wakipita. Sikujitetea. Nilimwambia nilikosea, nilimdhalilisha mbele ya watu, na nitasema hivyo hivyo mbele ya watu wale wale.

Halafu nikamuuliza kama alijua ni Narinder.

"Nilijuaka," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakusema pale jikoni, ajitoe kwenye aibu.

"Ningekuambia ni ule mama muzee, weye ungeenda kumupigia kelele. Ungemuleta mu kikundi ya WhatsApp." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Miye niko na nguvu ya kubeba ile maneno. Yeye hana."



"Nimekusamehe, Mama Kemunto. Mungu ananiona. Lakini ule ufunguo, ubakie kwako."

Akachukua mboga, akanirudishia mfuko, akafunga mlango taratibu.

Mfuko ulikuwa mtupu. Waafrika wenzangu mnaelewa. Kwetu na kwao pia, chombo cha mwenzako hakirudi kitupu. Unaweka hata chumvi, hata limau, hata nyanya moja iliyopondeka. Kikirudi kitupu, umejibiwa.

Jumapili nilishika tena kile kipaza sauti. Nikarekebisha ule ushuhuda wa Aprili, nikataja jina la aliyefunika miche, nikamwomba Rosalie msamaha mbele ya kanisa zima. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Yule ndugu wa ndoo za mahindi alikohoa kwa furaha.

Siku hizi Narinder ndiye anayemchukua Kemunto shuleni. Wanatembea polepole, wameshikana mikono. Ule ubao wa ua Shem ameufanya kimlango, na mikebe minane ya lengalenga imehamia juu ya ile simiti. Wanawe walipokuja mara ya mwisho waliuliza ni za nani, mama yao akawajibu kwa Kiswahili, wakaondoka hawajaelewa.

Na binti yangu, aliyekataa kunijibu kwa Kiswahili miaka minane, juzi alisimama mlangoni akaniuliza, "Mama, chakula iko tayari? Mimi nasikia njaa sana." Kiswahili cha landhies, cha mwaka sitini na nane. Sikumsahihisha hata neno.

Simu ya Angeline sasa napokelea chumbani, na sina mengi ya kumwambia. Analalamika nimekuwa mtu wa kuchosha.

Ukiniuliza funzo, sina kubwa. Kabla hujamwita mtu mwizi, uliza aliye karibu, hata kama ana miaka minane na mdomo umejaa mkate. Na kama unamsema jirani kwa lugha unayodhani haijui, mseme vizuri, usije ukajikuta unakula mboga aliyokupalilia.

Kila Jumamosi nampelekea Rosalie mfuko wa sukuma. Anapokea, anashukuru, ananirudishia mfuko. Mtupu wiki ya kwanza, mtupu ya pili, mtupu ya tatu.

Jumamosi iliyopita nilifika nyumbani, nikautupa mfuko mezani, ukagonga. Nikatazama ndani. Kulikuwa na kitunguu kimoja.

Ufunguo wake bado uko kwenye msumari karibu na mlango. Nilikaa hapo jikoni nikakishika kile kitunguu, nikalia, na wala sikuwa nimekikata.